UZI: Swichi za qemu-img convert kwa Kiswahili, na ile O kubwa iliyotukesha

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

Salaam aleikum wote, hamjambo.

Tangu Broadcom ikamilishe kuinunua VMware, kampuni ya programu za mashine pepe (kompyuta za programu zinazoishi ndani ya kompyuta halisi), Novemba 2023 na leseni za kudumu kuacha kuuzwa, kazi zinazoingia karakana yetu hapa Tudor zimebadilika. Zamani tulikuwa tukiitwa kufunga seva, siku hizi twaitwa kuzihamisha. Ofisi za kutoa mizigo Kilindini, hoteli ndogo, shule: kila mmoja ana mashine pepe mbili tatu zilizokaa miaka kwenye ESXi, mfumo wa VMware, na sasa azitaka kwenye KVM au Proxmox, mifumo ya Linux ya kazi ileile. Chombo chetu ni kimoja, qemu-img, cha kugeuza mafaili ya diski za mashine pepe kutoka fomati moja hadi nyingine, kinachokuja pamoja na QEMU, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003.

Mwezi jana kijana wetu mmoja, hodari kabisa, alipewa diski ya seva ya hesabu. Akaandika hivi:

`qemu-img convert -p -f vmdk hesabu.vmdk hesabu.qcow2`

Ikaenda mpaka mia kwa mia bila lalamiko. Akalipeleka faili kwenye mashine mpya, akaandika aina ya diski ni qcow2, akawasha. Ikakataa: `Image is not in qcow2 format`. Akadhani faili limeharibika njiani, akarudia kugeuza. Jibu lilelile. Akarudia tena. Kufikia adhana ya Isha alikuwa amegeuza mara tatu, na mwenye ofisi amesimama nyuma yake akiuliza kama hesabu za miaka sita zimekwenda na maji. Nilipofika niliandika amri moja:

`qemu-img info hesabu.qcow2`

Kioo kikasema:

`file format: raw`
`virtual size: 120 GiB (128849018880 bytes)`
`disk size: 41.3 GiB`

Faili lilikuwa zima, halijaharibika hata biti moja. Lilikuwa raw, yaani diski biti kwa biti bila maelezo ya ziada, lililovishwa jina la qcow2, fomati ya QEMU yenyewe. Usipoandika `-O`, O kubwa, convert hukuandikia raw, na hilo jina unalolipa faili halina kauli yoyote katika jambo hilo. Tulibadilisha neno moja kwenye usanidi wa mashine, ikawaka.

Simlaumu kijana. Fungueni `man qemu-img` mtazame muhtasari wa convert: mabano ya mraba zaidi ya 20 yamepangwa mkia kwa mkia. Habari yote imo, lakini haikwambii ni ipi itakayokuumiza leo. Ndiyo nikaamua kuandika mwongozo wetu wa karakana kwa Kiswahili. Nauweka hapa mwanipige msasa kabla sijauchapisha na kuubandika ukutani.

Chanzo na shabaha. `-f` ndogo ni fomati ya faili unalolisoma. `-O` kubwa ni fomati ya faili unaloliandika. Ziandikwe zote mbili, kila siku, hata kama waona hazihitajiki. Na hapa pana mtego ambao sikuuona ukisemwa wazi mahali popote: `-f` hubadilisha maana kulingana na amri ndogo. Kwenye `qemu-img create`, `-f` ni fomati ya faili jipya unalolizaa. Kwenye convert ni ya lile la zamani. Kwenye `compare`, `-f` ni ya faili la kwanza na `-F` kubwa ni ya la pili. Mtu akiizoea create wiki nzima, akija convert mkono wake utaandika `-f qcow2` akidhani ameagiza qcow2 itoke. Kwa hiyo mwongozo wetu hautasema "-f ni fomati" ukaishia hapo. Utasema fomati ya nini.

Majina ya fomati. VMware ni `vmdk`. VirtualBox ni `vdi`. Hyper-V mpya ni `vhdx`. VHD ya zamani huiti vhd, waiita `vpc`, kwa sababu ilizaliwa na Virtual PC ya Connectix kabla ya Microsoft kuinunua mwaka 2003. Nimemwona mtu akihangaika nusu saa na `-O vhd`.

Faili mbili za VMware. Ukinakili kutoka ESXi utaona `hesabu.vmdk` yenye baiti mia kadhaa tu, na `hesabu-flat.vmdk` kubwa. Ile ndogo ni maandishi, ndiyo ramani. Convert huelekezwa kwenye ile ndogo kwa `-f vmdk`, na zote mbili ziwe folda moja. Ukiwa umebakiwa na flat peke yake usilie, hiyo ni raw tupu: isome kwa `-f raw`. Na ukipewa OVA, kifurushi cha mashine pepe nzima, hiyo ni tar. Ifungue kwa `tar xvf` utaikuta vmdk ndani.

-p yaonyesha maendeleo. Ukiisahau na kazi imeshaanza, usiikate. Fungua terminali ya pili, itumie ishara: `kill -USR1` na namba ya mchakato, itakwambia imefika wapi.

-o ndogo ni masharti ya faili linalotoka, na hutegemea fomati. Kuyaona yote: `qemu-img create -f vmdk -o help`. Usichanganye `-o` na `-O`.

-c hubana. Hufanya kazi kwa qcow2, na kwa vmdk ya aina ya streamOptimized. Kubana ni kwa mara ile moja tu: mashine ikiandika upya sehemu iliyobanwa, data mpya haitabanwa. Kwa hiyo `-c` naiona ni ya akiba na ya kusafirisha, si ya seva inayofanya kazi kutwa.

-S 0 hulifanya faili lisiwe na mashimo ya sifuri.

-m na -W ni za kuharakisha. -n ni ya kuandika kwenye kitu kilichopo tayari, kama sehemu ya diski iliyogawiwa na LVM ya Linux. -U ni ya kusoma faili linalotumika.

Hizo za mwisho nimezipitia juu juu, najua. Karibuni.

---

Mkaazi wa Likoni

Shukran sana kwa uzi huu. Mimi swali langu ni la flashi. Nina raw ya GB 80, `du -h` yasema yatumia GB 19 tu. Nikiiweka kwenye flashi ya GB 64 yaniambia nafasi haitoshi. Na flashi nyingine hukataa hata faili la GB 5. Nimevuka feri mara mbili leo na flashi mfukoni na sijafikisha kitu.

---

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

@Mkaazi wa Likoni, pole ndugu yangu. Hapo ni mambo mawili tofauti. Flashi inayokataa GB 5 ni FAT32, na FAT32 haibebi faili moja la GB 4 kwenda juu. Ile nyingine yaonekana ni exFAT, nayo haijui faili lenye mashimo: kila sifuri huiandika kweli, ndiyo GB 19 zikawa 80. `ls -lh` hukwambia urefu wa faili, `du -h` hukwambia nafasi linayokula kwenye diski yako. Ukihama mfumo wa faili hesabu ya du haikufuati.

Usinakili raw. Geuza moja kwa moja kuingia kwenye flashi:

`qemu-img convert -p -c -f raw -O qcow2 seva.raw /media/flashi/seva.qcow2`

qcow2 huhifadhi zile klasta zenye kitu tu, kwa kawaida KB 64 kila moja, na hilo limo ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo exFAT haiwezi kulivuruga. Kabla hujavuka maji, pima kwanza: `qemu-img measure -f raw -O qcow2 seva.raw`. Itakwambia faili litahitaji baiti ngapi bila kubanwa. Zikiingia hizo, na iliyobanwa itaingia.

---

Dada wa Nyali

Maalim, kazi nzuri na nimeipenda. Mimi nashinda na haya mambo kila siku, kwa hiyo niruhusu nikusahihishe pawili na kuongeza moja ambalo kwangu ndilo kubwa.

La kwanza, `-S`. Umesema `-S 0` hulifanya faili lisiwe na mashimo. Ni kweli, lakini msomaji hajui `-S` yenyewe ni nini. Ile namba ni urefu wa mfululizo wa sifuri ambao ukifikiwa, convert huuacha kama shimo badala ya kuuandika. Kawaida ni 4k. Ukiweka 0 huacha kabisa kutafuta sifuri kwenye chanzo, na faili hutoka limejaa lote. Mtu akiisoma `-S 0` bila maelezo hayo atadhani ni "usiandike sifuri", kinyume chake kabisa.

La pili, `-f`. Umesema iandikwe kila siku lakini hukusema kwa nini, na sababu yake si ya unadhifu. Diski raw haina kichwa chake, yaani maelezo ya mwanzoni yanayotaja fomati, kwa hiyo aliye ndani ya mashine pepe ana uwezo wa kuandika chochote kwenye baiti za mwanzo. Akiandika kichwa cha qcow2 kinachosema "faili langu la nyuma, la kusomwa data isiyomo humu, ni lile la siri la seva yenu", na wewe ukaacha qemu-img ijitambulishie fomati yenyewe, itaamini, italisoma hilo faili la seva na kulimimina kwenye diski unayomkabidhi mteja. Kama mashine ni za watu baki, `-f raw` ni kufuli la mlango. Liandike hivyo kwenye mwongozo, watu watalikumbuka.

Na kubwa: kache. Kwenye convert, `-t`, yaani kache ya upande wa kuandika, kawaida yake ni `unsafe`. Maombi ya kusukuma data mpaka diskini hupuuzwa ili kazi iende haraka. Kwa hiyo terminali ikirudi kwako baada ya mia kwa mia, sehemu ya faili bado yaweza kuwa kwenye RAM. Ukichomoa flashi hapo, au stima ikapotea hapo, umekabidhi kitu nusu. Nililipata hili mwenyewe: nilitoa diski ya nje mara tu mia ilipofika, nikafika kwa mteja Mtwapa na faili lisilosomeka. Tangu siku hiyo nikimaliza huandika `sync`, nangoja irudi, ndipo nachomoa. Kwa shabaha iliyo muhimu naweka `-t none`.

---

Mkaazi wa Likoni

Dada, hilo la kuchomoa ndilo langu hasa. Mimi huchomoa ikifika mia. Sikujua.

---

Mwanafunzi wa Tononoka

Samahanini, mimi bado najifunza. Nimegeuza Windows kutoka VirtualBox kwa `-f vdi -O qcow2`, info yasema qcow2 sawasawa, lakini ikiwaka yatoa kioo cha buluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Niongeze swichi gani?

---

Dada wa Nyali

Mdogo wangu, hakuna swichi ya hilo. Convert hubadilisha chombo, si kilichomo: Windows uliyoiweka ndiyo iliyotoka, na draiva zake zilezile. Umeiwasha kwenye diski ya virtio, aina ya diski pepe ya QEMU na KVM inayohitaji draiva yake, na yenyewe haijui virtio ni nini. Zima, badilisha diski iwe SATA, itawaka. Kisha ongeza diski ya pili ndogo ya virtio, weka draiva, Windows ikishaiona hiyo ya pili ndipo uihamishe ile kuu. Au tumia virt-v2v, yenyewe huingia ndani ya mashine na kuzipanga draiva.

Angalia pia kama mashine ya zamani iliwaka kwa UEFI au BIOS, ya mpya iwe vivyo hivyo.

---

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

Hili naliingiza kwenye mwongozo kama kichwa chake peke yake: "Ambayo convert haifanyi". Haigusi draiva. Haigusi jina la kadi ya mtandao, kwa hiyo Linux iliyokuwa na ens192 itaamka na jina jingine na anwani yake ya IP haitashika. Na haipanui partisheni.

---

Mzee wa Majengo

Vijana, mimi nimeanza na kanda za sumaku, lakini hili la snapshoti mmeliruka na ndilo lililomtoa jasho mwanangu. qcow2 yaweza kuwa na snapshoti, yaani kumbukumbu za hali ya diski ya siku za nyuma, ndani yake. Ukiigeuza, hutoka hali ya sasa peke yake. Zile za nyuma hazifuati. Kama wataka ya siku fulani, ziorodheshe kwa `qemu-img snapshot -l faili.qcow2`, kisha ongeza `-l snapshot.name=` na jina lake kwenye convert. Na upande wa VMware, ukiona faili lenye -000001 kwenye jina, jua mashine ilikuwa inaandika huko na si kwenye diski mama. Ukiigeuza diski mama umerudisha ofisi nyuma miezi. Afadhali uziunganishe snapshoti kule kule VMware, uzime mashine, ndipo uinakili.

---

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

Ahsante sana mzee wangu, shikamoo. Hapo kuna `-l` mbili zenye maana mbili, nitaziweka ukurasa mmoja.

---

Yakhe wa Mji wa Kale

Uzi mtamu huu. Mimi nina la lugha. Kwa nini "swichi" na "fomati"? Tuna "chaguo" na "umbizo". Tukiandika mwongozo wa kubandika ukutani tuandike Kiswahili chenyewe.

---

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

Yakhe, nimelifikiria hilo kuliko swichi zenyewe. "Chaguo" nilianza nalo. Kisha nikaandika sentensi "hapa huna chaguo, lazima uandike chaguo la -O", nikaona limenikwama. Na `-o` yenyewe hubeba machaguo ndani ya chaguo. Karakanani kila mtu husema swichi, na neno likishakuwa mdomoni mwa fundi saa tisa usiku stima ikiwa imepotea, ndilo litakalomsaidia. "Umbizo" silikatai, naliona kwenye programu zilizotafsiriwa, lakini vijana wangu watatu nilipowauliza mmoja tu ndiye aliyejua maana yake. Nitaliandika mara moja mwanzoni, "fomati, yaani umbizo", kisha niendelee na fomati. "Mashine pepe" na "mstari wa amri" zimekaa vizuri, hizo hazina mjadala.

Majina ya swichi yenyewe sitafsiri hata herufi. Anayesoma lazima ayakute kwenye kioo kama yalivyo kwenye karatasi.

---

Yakhe wa Mji wa Kale

Nimekuelewa, na mfano wako wa chaguo ni kweli. Endelea.

---

Dada wa Nyali

Nimerudi kwa sababu `-n` umeipa sentensi moja tu, na hiyo ndiyo itakayomla mtu. `-n` humwambia convert asiunde shabaha kwa kuwa ipo, mathalani sehemu ya LVM. Ni sawa. Lakini pamoja nayo kuna `--target-is-zero`, inayosema "niamini, shabaha yote ni sifuri, usijisumbue kuandika sifuri". Kazi huenda mbio. Sasa chukua LVM iliyokuwa na seva nyingine jana. Sifuri za chanzo hazitaandikwa, na mahali pake patabaki vipande vya seva ya jana. Mashine yaweza hata kuwaka, ikafanya kazi wiki nzima, kabla mfumo wa faili haujaanza kuonyesha uozo. Swichi hiyo ni ya shabaha mpya iliyohakikishwa tupu, basi.

`-m` ni idadi ya kazi zinazokwenda sambamba, kawaida ni 8 na mwisho 16. `-W` huruhusu kuandika bila mpangilio, na haiendi pamoja na `-c`. Kwenye diski za kuzunguka mimi siiwashi, kichwa cha diski kitarukaruka na utapoteza muda ulioutafuta. Na `-U`: tangu QEMU 2.10 ya mwaka 2017 mafaili hufungwa yakiwa yanatumika. Kufuli lile likikuzuia, dawa ni kuzima mashine. `-U` itakupitisha, lakini utanakili diski inayoandikwa huku ukiisoma.

---

Mkaazi wa Likoni

Je, stima ikipotea katikati, yaweza kuendelea ilipoachia?

---

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

Hapana. Huanza upya. Kwa hiyo chanzo kisiguswe mpaka mwisho, na UPS iwe na muda kuliko kazi. Na kama ni chanzo ndicho kibovu, diski inayokufa, kuna `--salvage`: sehemu isiyosomeka huijaza sifuri na kusonga mbele. Andika pembeni kila kosa litakalotokea kiooni, kwa sababu faili litakalotoka litaonekana zima na halitakwambia wapi pamekosekana.

Dada wa Nyali, yote uliyosema nimeyaingiza, na la `--target-is-zero` nimeliwekea kisanduku chekundu.

Toleo la ukutani sasa laanza na amri tatu kabla ya swichi yoyote kuelezwa:

`qemu-img info hesabu.vmdk`
`qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2 hesabu.vmdk hesabu.qcow2`
`qemu-img compare -p -f vmdk -F qcow2 hesabu.vmdk hesabu.qcow2`

Ya tatu ndiyo iliyokosekana usiku ule. compare hulinganisha yaliyomo ndani ya diski zote mbili hata kama fomati ni tofauti, hurudisha 0 zikiwa sawa na 1 zikitofautiana. Na kwa kuwa `-F qcow2` imeandikwa, raw lililovishwa jina la qcow2 lingekataliwa papo hapo, mbele ya kijana, kabla ya mwenye ofisi kuitwa.

---

Mwanafunzi wa Tononoka

Nimebadilisha kuwa SATA, Windows imewaka. Naweka draiva sasa. Mungu awabariki.

---

Fundi wa Tudor (mleta uzi)

Taarifa ya leo. Kijana yuleyule amepewa seva ya pili ya ofisi ileile, GB 200. Karatasi ilikuwa mbele yake. Aliandika info, akasoma kwa sauti. Aliandika convert, kidole kikasimama kwenye `-O` kidogo, akaendelea. Ilichukua tangu asubuhi hadi baada ya Adhuhuri. Akaandika `sync`, akangoja. Kisha compare, na hiyo nayo ikachukua muda wake. Kioo kikaandika `Images are identical.` Akaiandika saa kwa kalamu pembezoni mwa karatasi, 15:40, akaenda kuswali Alasiri.

Toleo la pili nitalipakia hapa hapa kesho jioni, inshallah. Mwenye nyongeza ya `-o` za vhdx na vpc, hasa `force_size` na ukubwa unaojirekebisha wenyewe kwenye vpc, aniwekee kabla ya hapo.